Uzi: Watu 300,000 wa Feri ya Likoni, na Nambari Nyingine Tunazoambiwa Kila Siku

Mwandishi wa uzi

Assalaam alaykum wanajukwaa, na salamu kwenu nyote mlio Mvita, Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu.

Nimefanya kazi ya takwimu kwa miaka mingi, na nimeishi Likoni kwa miaka mingi zaidi. Mambo hayo mawili hukutana kila asubuhi ninaposhuka mteremko wa feri, kwa kuwa sijui idadi inayotajwa hapa mjini Mombasa mara nyingi kuliko ile ya wavukaji: kwamba watu 300,000 na magari 6,000 huvuka kila siku. Magazeti huiandika, watangazaji huisoma, wanasiasa huishika wanapoahidi daraja, na wanafunzi huinakili katika insha zao. Sikuja kusema kwamba idadi hiyo ni ya uongo. Nimekuja kuuliza, mbele yenu, ni kitu gani hasa kilichohesabiwa, kwa sababu jibu lake linamgusa kila anayesimama pale juani na mtoto mgongoni.

Tuanze na neno "watu". Mimi huvuka asubuhi kwenda kisiwani na kurudi jioni. Karani akisimama langoni na kuhesabu vichwa, mimi nitaingia daftarini mwake mara mbili kwa siku moja, na hamali anayesukuma mkokoteni wa ndizi huenda akaingia mara sita. Ikiwa 300,000 ni idadi ya mivuko, na ikiwa kila mmoja wetu huenda na kurudi, basi wanaovuka ni watu 150,000, nusu ya wale tunaotajiwa. Ikiwa kweli ni watu 300,000, basi kumbukeni kwamba sensa ya 2019 ilipata wakazi 250,358 katika Likoni nzima, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiotoka vyumbani. Ingebidi Likoni yote ihame kila kunapokucha, kisha nafasi iliyobaki ijazwe na watu wa Kwale, kaunti ambayo sensa hiyo hiyo iliipa watu 866,820. Sisemi ni muhali, kwa kuwa wengi hutoka Ukunda na Msambweni, na wapo pia wa kisiwani wanaovuka kuja huku. Nasema ni jambo linalohitaji kuthibitishwa, na sijawahi kuona taarifa ya habari inayoitaja idadi hiyo pamoja na siku iliyohesabiwa, mlango uliosimamiwa na namna ya kuhesabu.

Kisha kuna jambo la malipo. Gari hulipa na huacha tiketi nyuma yake, kwa hiyo mwenye hamu ya kujua ni magari mangapi yaliyovuka Jumatatu anaweza kuzijumlisha tiketi. Sisi wa miguu hatulipi, na hatuachi kitu chochote. Idadi yetu haina budi kutokana na macho ya mtu, au mashine, au makadirio ya mtu aliyeutazama umati na kuuzidisha kwa safari za siku nzima. Nambari hizo mbili hutamkwa kwa pumzi moja, lakini hazikuzaliwa tumbo moja, na hazistahili kuaminiwa kwa kiwango kimoja.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni la kungoja. Mwenye feri anaweza kusema, na kusema kweli, kwamba kwa wastani chombo huondoka kila baada ya dakika 15. Chukueni asubuhi ambayo chombo kimoja huondoka, kinachofuata huondoka dakika 5 baadaye, kisha mashine moja inagoma na kinachofuata kinachukua dakika 25, halafu mzunguko huo unarudi vile vile. Wastani wa vipindi ni 15. Abiria anayesoma wastani huo atatarajia kungoja dakika saba na nusu. Lakini watu hawafiki kwa usawa katika vipindi: katika kila dakika 30, dakika 25 ni za kile kipindi kirefu, kwa hiyo watano kati ya kila abiria sita watajikuta ndani yake. Ukifanya hesabu, wastani wa kungoja kwa abiria unakaribia dakika 11. Mwenye feri hakudanganya, na abiria anayelalamika hakutia chumvi. Mmoja amehesabu vyombo, mwingine amehesabu watu.

Ndiyo maana nimeona niufungue uzi huu. Naomba tuzitazame nambari tunazoambiwa, za serikali na za vyombo vya habari, kwa swali hilo moja: ni nini kilihesabiwa, na ni nani aliyeachwa nje ya hesabu?

Mchangiaji, Majengo

Mwalimu, shukrani kwa darsa hili. Umeitegemea sensa kama msingi usiotikisika. Je, yenyewe haina tatizo kama hilo la feri?

Mwandishi wa uzi

Kaka yangu wa Majengo, umeuliza jambo ambalo nililiona kwa macho yangu huko huko kwenu. Katika sensa ya 1999, iliyohesabu watu kwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, nilikuwa karani kijana mwenye fulana iliyonizidi ukubwa na penseli mbili mfukoni. Nilipewa mtaa wa nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati, vyumba kila upande na uwa nyuma. Katika nyumba moja ya vyumba sita nilikuta majiko saba uani. Fomu yangu ilitaka nihesabu kaya, na kaya kwa maelezo tuliyofunzwa ni watu wanaoishi pamoja, wenye mapishi ya pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Mimi nililigeuza swali hilo kwa maneno ya pale: "Mnapakua chungu kimoja?"

Bibi mmoja alinijibu kwamba mjukuu wake hulala kwake, hula kwa mama yake chumba cha tatu, na ada ya chuoni hulipiwa na mjomba aliye chumba cha tano. Nilisimama pale na penseli yangu kwa muda mrefu. Hatimaye nilimwandika mahali alipolala usiku ule, kama maagizo yalivyotaka, na hakuna hata mmoja ndani ya nyumba ile aliyeona kwamba nimemweka kwao kweli kweli. Baba wa chumba cha nne alikuwa baharini akivua, na mkewe alihofu kwamba nisipomwandika palepale angekuwa amepotea katika nchi.

Nasimulia hayo kwa sababu wastani wa watu kwa kaya, ambao kwa Mombasa katika sensa ya 2019 ulikuwa kidogo juu ya watatu, umejengwa juu ya maelfu ya maamuzi ya namna ile. Karani mmoja akihesabu majiko na mwenzake akihesabu milango, wastani utabadilika bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Jumla ya watu haisumbuliwi sana na jambo hilo, na ndiyo maana naitegemea zaidi: Mombasa ilikuwa na watu 665,018 mwaka 1999, 939,370 mwaka 2009, na 1,208,333 mwaka 2019. Mwelekeo huo ni wa kuaminika hata kama baadhi ya wavuvi waliachwa.

Hata hivyo, fomu huona kile tu ilichotengewa kisanduku. Hadi mwaka 2009 kila Mkenya aliandikwa mwanamume au mwanamke. Mwaka 2019 kiliwekwa kisanduku cha tatu kwa watu wenye jinsia mbili, na wakahesabiwa 1,524 nchini, 30 kati yao hapa Mombasa. Huenda idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa maana si kila mzazi atamweleza karani siri ya mtoto wake mlangoni jirani akisikia. Lakini kabla ya hapo watu hao hawakuwamo katika takwimu zetu kabisa, na asiyekuwamo katika takwimu hapangiwi kitu katika bajeti.

Na bajeti ndiko sensa inakoelekea. Kanuni mbili za kwanza za kugawia kaunti fedha ziliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa wiki nyingi juu ya kanuni ya tatu, huku wengine wakidai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" na wengine wakisema kwamba kaunti kubwa zenye watu wachache zina barabara ndefu za kutengeneza. Kanuni iliyopitishwa ilishusha uzito wa idadi ya watu hadi asilimia 18 na kuongeza vigezo kama afya, kilimo na miji. Wote walikuwa wakisoma sensa ile ile. Walichogombania ni kipi kihesabiwe kuwa ndicho haja, na hilo hakuna mwanatakwimu anayeweza kuwaamulia kwa kikokotoo.

Mchangiaji, Mtopanga

Mwalimu, mimi ni mama wa mahamri. Naamka saa tisa usiku, nauza kwa watoto wa shule na mafundi. Redioni nasikia mfumuko wa bei umeshuka sana, wananipongeza kama kwamba nimepewa kitu. Nikienda soko la Kongowea, unga wa ngano, sukari na mafuta viko juu kuliko miaka mitatu iliyopita. Nikipandisha bei ya hamri, wateja wanapungua. Nikipunguza ukubwa, wananuna. Sasa nani anasema kweli?

Mwandishi wa uzi

Mama, Mungu akubariki kwa kazi yako. Wewe unasema kweli, na redio nayo haikusema uongo. Kosa liko katika namna neno "kushuka" linavyosikika.

Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda. Gari likipunguza mwendo kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 30, bado linakwenda mbele. Shirika la Kitaifa la Takwimu, yaani KNBS, lilitangaza mfumuko wa asilimia 9.6 kwa Oktoba 2022, asilimia 6.9 kwa Oktoba 2023, na asilimia 2.7 kwa Oktoba 2024. Mtangazaji anaona 9.6 imekuwa 2.7 na anafurahi, na kwa mtu anayesimamia uchumi hiyo ni habari njema kweli. Lakini kila asilimia huhesabiwa juu ya bei ambayo tayari imeshapanda. Kapu la bidhaa lililokugharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 lilikuwa shilingi 1,096 mwaka uliofuata, kisha takriban 1,172, kisha takriban 1,203. Katika safari hiyo yote hakuna hata mwaka mmoja ambao bei ziliteremka. Pongezi unazosikia ni za kupanda polepole.

Kisha uliza kapu lenyewe ni la nani. Katika kapu lililotumiwa kwa hesabu hizo, lenye msingi wa bei za Februari 2019, chakula na vinywaji visivyo vileo vina uzito wa karibu asilimia 33. Kodi ya nyumba, maji na umeme, usafiri na mengineyo hujaza sehemu iliyobaki. Huo ni uzito wa matumizi ya nchi nzima yakijumlishwa pamoja, na katika jumla hiyo mwenye matumizi makubwa ana sauti kubwa zaidi kuliko mwenye matumizi madogo. Tuchukue mfano wa kubuni: chakula kipande kwa asilimia 15 katika mwaka, na kila kitu kingine kwa asilimia 3. Kwa kapu la taifa mfumuko utakuwa takriban asilimia 7. Kwa nyumba ambayo shilingi 60 katika kila 100 huenda kwenye chakula, utakuwa asilimia 10.2. Na wewe, Mama, unga, sukari na mafuta ni chakula chako na pia ni mtaji wako, kwa hiyo vinakupiga mara mbili.

Ningependa sana vyombo vyetu vya habari vitangaze mfumuko na bei zenyewe pamoja. Kusoma asilimia moja peke yake na kupita kwenye michezo ni kumnyima msikilizaji nusu ya habari, na msikilizaji aliyenyimwa nusu ya habari huishia kuamini kwamba kila nambari ya serikali imepikwa. Hasara hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Mchangiaji, Kibokoni

Shekhe, na kura za maoni je? Mimi nina miaka hamsini na sita, sijaulizwa maoni hata siku moja, wala jirani zangu. Vipi watu elfu mbili waseme kwa niaba ya mamilioni? Na mwaka 2022 si walikosea wazi?

Mwandishi wa uzi

Ami yangu, nikuulize kwanza: umewahi kumwona mfanyabiashara wa nafaka pale Marikiti akinunua mahindi? Hafungui gunia akamimina chini. Ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji. Hulichoma gunia, huvuta punje kiganjani, huzitazama, huzing'ata, na kwa kiganja hicho huamua juu ya gunia zima. Mwenye uzoefu huchoma juu, katikati na chini, kwa kuwa anajua muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri mdomoni mwa gunia. Ukubwa wa gunia haumsumbui sana. Kinachomsumbua ni mahali bambo lilipopita.

Kura ya maoni ni bambo. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli hutoa jibu ambalo, mara 95 katika 100, halitapotoka kwa zaidi ya takriban alama 3 juu au chini. Ukiwaongeza hadi 2,000, upotovu hushuka hadi alama 2 na kidogo tu, kwa hiyo kuwaongeza watu hakuleti faida kubwa kama wengi wanavyodhani. Na kwamba wewe hujaulizwa ni jambo la kawaida kabisa: ukichagua watu 2,000 kati ya zaidi ya milioni 22 waliojiandikisha kupiga kura mwaka 2022, nafasi yako ya kuchaguliwa ni chini ya 1 katika 10,000.

Hatari iko penye mdomo wa gunia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi takriban milioni 10 na kupokea majibu milioni 2 na zaidi, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Majina yalichukuliwa kwa kiasi kikubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa wenye hamu zao. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni aliyehoji watu wachache sana kuliko hao, aliagua mshindi sawasawa. Kila kituo cha redio hapa mjini kinapowaambia wasikilizaji "tuma ujumbe utueleze unaunga mkono nani" kisha kikatangaza asilimia, kinalichoma gunia mdomoni, hata wakituma watu laki moja.

Sasa uchaguzi wa rais wa mwaka 2022. Kura kadhaa za maoni za wiki za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele kwa alama chache. Matokeo rasmi yalimpa William Ruto asilimia 50.49 na Odinga 48.85. Zipo sababu zaidi ya moja, na mimi nitaishika ile inayotuhusu sisi. Kura ya maoni huuliza, "Ungempigia nani?" Sanduku humhesabu aliyekwenda. Hapa Mombasa hatukufika hata nusu ya waliojiandikisha, na tulikuwa miongoni mwa waliojitokeza kidogo kabisa nchini. Uchaguzi wa gavana wetu nao ulikuwa umeahirishwa dakika za mwisho kwa sababu ya hitilafu za karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti, na siwezi kupima ni wangapi waliobaki nyumbani kwa sababu hiyo. Lakini aliyemwambia mhoji jina la mgombea wake kisha akashinda barazani siku ya kura aliingia katika hesabu ya kwanza na akatoka katika ya pili.

Tunayo sheria ya mwaka 2012 inayomtaka mchapishaji wa kura ya maoni ya uchaguzi aeleze nani aliilipia, watu wangapi walihojiwa na kwa njia gani, na inayokataza kuchapisha katika siku tano za mwisho. Mtu akikuletea asilimia za wagombea katika WhatsApp bila mambo hayo, ichukulie kama maneno ya mpita njia.

Mchangiaji, Changamwe

Mwalimu, mimi ni muuguzi. Watu huja na vipande vya magazeti: "dawa fulani huzidisha hatari mara mbili". Wengine hukataa kupimwa kwa sababu "vipimo hukosea". Tuwajibu nini?

Mwandishi wa uzi

Dada yangu, haya mawili ni ya kujibiwa kwa uangalifu, kwa kuwa watu huumia.

Juu ya "mara mbili", waulizeni: mara mbili ya ngapi? Oktoba 1995 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba aina mpya za vidonge vya kupanga uzazi zilizidisha maradufu hatari ya damu kuganda. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka takriban mwanamke 1 katika 7,000 hadi 2 katika 7,000. Magazeti yalishika neno "maradufu", wanawake wengi wakaacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ziliongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe huleta hatari ya damu kuganda iliyo kubwa kuliko ile ya kidonge. Mwandishi aliyeandika "maradufu" hakukosea hesabu, lakini aliificha ile 7,000, na aliyeificha ana sehemu yake katika yaliyotokea.

Juu ya vipimo, chukua karatasi uwachoree. Utafiti wa malaria wa mwaka 2020 uliwapata na vimelea takriban watoto 5 katika kila 100 katika ukanda wetu wa Pwani, na 19 katika kila 100 katika ukanda wa Ziwa. Tuchukulie kipimo cha kufikirika kinachomgundua mgonjwa mara 95 katika 100, na kinachomsingizia asiye mgonjwa mara 5 katika 100. Wapimwe watoto 1,000 wa Pwani waliookotwa tu mitaani: 50 wana vimelea, na kipimo kitawaonyesha 47 au 48, 950 hawana, na kipimo kitawasingizia 47 au 48. Nusu ya majibu ya "anao" ni makosa. Ukikipeleka kipimo hicho hicho ukanda wa Ziwa, watoto 190 wana vimelea na takriban 180 wataonekana, 810 hawana na takriban 40 watasingiziwa. Sasa zaidi ya majibu manne katika matano ya "anao" ni ya kweli. Kifaa hakikubadilika, wala mkono wa muuguzi. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Hapo ndipo pa kumwelekeza mgonjwa wako. Mtoto anayeletwa kwako akiwa na homa hakuokotwa mtaani. Homa yenyewe imekwisha kumweka katika kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi, na kwake jibu la kipimo lina nguvu kuliko lingekuwa nalo kwa mtoto anayecheza mpira. Apimwe, na maagizo yako yafuatwe. Maneno "vipimo hukosea" ni kweli ambayo mtu ameitumia mahali pasipo pake.

Niongeze jambo moja la mitaani kwa kuwa linafanana na hilo. Mkisoma kwamba ripoti za dhuluma dhidi ya wanawake zimeongezeka katika kituo fulani cha polisi, ulizeni kama kituo hicho kimefungua dawati la jinsia mwaka huo. Polisi huhesabu waliokuja kusema. Penye mlango mpya na afisa mwanamke anayesikiliza, idadi hupanda hata kama mikono ya wanaume haijazidi kupiga, na itakuwa dhuluma juu ya dhuluma kukiita kituo hicho kibaya kuliko kile ambacho hakuna anayethubutu kuingia.

Mchangiaji, Shelly Beach

Mwalimu, turudi kwenye feri. Umeuliza swali, lakini wewe mwenyewe ungehesabu vipi? Hakuna anayeweza kusimama pale saa ishirini na nne.

Mwandishi wa uzi

Jirani yangu, haihitaji saa ishirini na nne, wala fedha nyingi. Huo umati wa feri nao ni gunia.

Ningeigawanya siku katika vipindi vya robo saa, 96 kwa jumla. Vile vya saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na vya saa kumi hadi saa mbili usiku, ningevitenga kundi lao, kwa kuwa ndipo penye msongamano, kisha ningepiga kura na kuchagua vipindi vichache katika kila kundi, vingi zaidi katika lile la msongamano. Kila kipindi kihesabiwe na watu wawili wasiotazamana madaftari, upande wa kuteremkia, kwa sababu watu wanaposhuka hutoka kwa mfululizo kupita wanapopanda. Mtoto wa mgongoni ahesabiwe. Hilo liamuliwe kabla, lisiachiwe mhesabuji. Kila mtu wa ishirini aulizwe swali moja tu: "Leo ni mara yako ya ngapi kuvuka, na utavuka tena mara ngapi?" Swali hilo ndilo litakalogeuza mivuko kuwa watu. Na tuchague siku za kawaida mbili, Ijumaa moja na Jumapili moja, tuepuke mwezi wa Ramadhani na siku za kufungua shule, au tuzihesabu mbali.

Tofauti kati ya wahesabuji wawili itatuonyesha macho yetu hukosea kiasi gani, na tutaitangaza pamoja na idadi yenyewe, hata ikitutia aibu. Ninahitaji watu wanane. Nimekwisha kuzungumza na vijana wawili wa mtaani kwangu wanaosoma hisabati, na tutaomba ruhusa kwa maandishi kwa wanaosimamia kivuko kabla ya kusimama popote. Aliye tayari aandike hapa chini siku anazopata nafasi na kama anaweza kuamka kwa zamu ya alfajiri, kwa kuwa hizo ndizo zinazokosa watu. Alete daftari la mistari na kalamu mbili. Kofia ni muhimu, jua la pale halina huruma kuanzia saa mbili.

Mchangiaji, Mtopanga

Mwalimu, Jumapili siuzi. Niandike zamu ya alfajiri, mimi kuamka nimezoea.